Sevisi ya kwanza ya pikipiki mpya ukijifanyia mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo mtu akishaitoa pikipiki dukani Kariakoo lazima atayauliza, wengine wanauliza mapema na wengine wanauliza injini ikishaanza kugonga. Majibu yanahusu hizi pikipiki zetu za kila siku, Boxer, TVS na za Kichina za cc 125 mpaka 150, silinda moja, injini ya kupozwa na upepo. Kitabu chako kikisema tofauti na hapa fuata kitabu, waliotengeneza ndo wanaijua.

Hiyo sevisi ya kwanza ni ya lini hasa?

Vitabu vingi vinasema kati ya kilometa 500 na 750, au mwezi mpaka mwezi na nusu, chochote kitakachotangulia. Sasa hapo kwenye kutangulia ndo watu wa Dar wanatofautiana. Mtu anayetoka nayo Tegeta kwenda Posta na kurudi anaweka kama kilometa 50 kwa siku, kwa hiyo wiki mbili za kazi keshafika. Bodaboda anayeingia barabarani tangu alfajiri anaweza kupiga mia na zaidi kwa siku, huyo wiki haiishi. Halafu kuna yule wa kwenda nayo sokoni na kanisani tu, huyo itamfikia kwa kalenda kabla ya mita. We angalia mita, usikae unasubiri "mwezi wa kwanza" aliokwambia muuzaji.

Injini mpya kabisa na oili bado inaonekana safi, kwa nini niimwage?

Kwa sababu huko ndani hakuko safi. Ukuta wa silinda unatoka kiwandani na mikwaruzo midogo midogo iliyowekwa makusudi, ringi za pistoni zinajisugua pale mpaka zikae sawasawa, gia nazo zinasuguana meno, na kila kinachosuguliwa kinaishia kwenye oili. Na kumbuka pikipiki zetu hizi oili ni moja tu, hiyohiyo inalainisha pistoni, hiyohiyo gia, hiyohiyo ndo inalowesha klachi. Nyingi hazina hata filta ya karatasi kama ya gari, zina chujio la waya ambalo linakamata uchafu mkubwa tu, vumbi laini la chuma linapita linaendelea kuzunguka mle ndani kila unapopiga resi. Ndo maana sevisi hii inakuja mapema kuliko nyingine zote zitakazofuata. Rangi ya oili haikwambii kitu hapo, inaweza kuwa ya dhahabu na bado imejaa chuma.

Nikifanya mwenyewe waranti si ndo inakufa?

Inategemea ulichosaini. Pikipiki nyingi za kununua kwa wakala zinakuja na kitabu chenye kuponi za sevisi za bure, na bure maana yake ni ufundi, oili unalipia mwenyewe. Kama unazo hizo kuponi mi nasema ya kwanza peleka kwa wakala ugongewe muhuri wako, ila simama karibu uangalie wanavyofanya, afu kuanzia kuponi zikiisha jifanyie. Nasema simama karibu kwa sababu gereji ikiwa na foleni dogo anamwaga oili, anapuliza puliza na hewa, muhuri paa, cheni hata hajaigusa. Kama umenunua bila kuponi, au duka ambalo waranti yake ni ya mdomo, huna cha kupoteza. Nunua daftari dogo, andika tarehe, kilometa na ulichofanya, risiti ya oili ibandike humohumo. Hilo daftari siku unaiuza pikipiki litakuongezea bei kuliko kuing'arisha.

Mi ni dereva tu, pikipiki ya mkataba. Kwa nini nijihangaishe na mali ya tajiri?

Kwa sababu mkataba ukiisha inakuwa yako, na ukikabidhiwa injini iliyochoka utaanza maisha mapya na kufungua injini. Mikataba ya mtaani inatofautiana, kuna ya tajiri kugharamia sevisi na kuna ambayo yeye anataka hesabu yake tu jioni, yaani ile pesa ya kila siku, oili na tairi utajijua. Malizeni hilo kabla hujaichukua funguo, na liandikwe. Na wewe tajiri unayesoma hapa, ukimdai dereva hesabu kamili hata siku ya sevisi ujue umemfundisha kuruka sevisi, na hatakwambia.

Vifaa gani ninunue?

Kile kimfuko kilichokuja chini ya siti kinakufikisha nusu ya njia, spana ya plagi iliyomo ni nzuri tu ila zile spana nyingine ni laini, zinakula kichwa cha nati. Tafuta spana za ringi namba 10, 12, 14 na 17, na moja ya kufungua ekseli ya tairi la nyuma, hiyo pima kwanza kwenye pikipiki yako. Gerezani na Kariakoo zimejaa, za mtumba zenye chuma kizito mara nyingi ni bora kuliko mpya zinazong'aa. Kingine ni beseni, matambara, mswaki uliostaafu, mafuta ya taa kidogo, chupa ya maji iliyokatwa ambayo itakuwa faneli, na geji ya upepo. Kazi ifanyie kwenye sakafu au kibaraza, usiifanyie kwenye mchanga, ile washa, kiringi cha nati, ikidondoka kwenye mchanga wa Mbagala imeondoka.

Niweke oili gani?

Hapa ndo kila kijiwe kina daktari wake. Vitu viwili unaangalia. Cha kwanza uzito, Boxer na nyingi za aina yake kitabu kinataka 20W-50 na kwa joto letu inakaa vizuri, nyingine zinataka 20W-40 au 10W-30, soma kitabu au maandishi ya kwenye injini. Cha pili, na hiki wengi hawakiangalii, tafuta kwenye kopo pameandikwa JASO MA au MA2. Hicho ni kiwango cha Wajapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili, kama yako. Oili nyingi za kisasa za gari zinawekwa dawa ya kupunguza msuguano, kwa gari safi, kwa pikipiki sahani za klachi zinaanza kuteleza, unapiga resi injini inalia lakini pikipiki haiendi, hasa ukipandisha mlima wa Goba na abiria. Na ukiona JASO MB rudisha kopo, hiyo ni ya skuta za mkanda.

Ya sintetiki ya bei mbaya sio lazima kwa sevisi hii, utaimwaga mapema tu. Oili ya kawaida yenye namba sahihi inatosha.

Na ile oili ya kupima kutoka kwenye pipa?

Hapana. Mwenye duka mwenyewe hajui imekaa pale muda gani na nani kachanganya nini. Oili feki pia zipo nyingi mjini, makopo yanaokotwa yanajazwa upya, kwa hiyo nunua sheli au kwa wakala, angalia sili ya mfuniko haijaguswa, karatasi ya chini ya mfuniko ipo, namba za kutengenezwa hazifutiki ukizisugua na kidole. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote mtaa mzima usijipongeze. Na kopo lako ukimaliza nalo kabisa litoboe au likate kabla ya kulitupa ili lisirudi sokoni.

Sawa, namwagaje oili? Nielekeze kama mtu ambaye hajawahi kushika spana.

Washa injini dakika tatu nne hivi ipate uvuguvugu, oili ikiwa ya moto kidogo inashuka yote na uchafu wake, ila isiwe imetoka Kibaha sasa hivi, itakuunguza. Zima, isimamishe kwa stendi kubwa.

Anza na kifuniko cha juu, kile chenye kijiti cha kupimia. Kifungue kabisa kabla hujagusa chini. Sababu ya kwanza ni hewa iingie, oili ishuke haraka, ya pili na ya muhimu zaidi ni kwamba kuna vifuniko vimekazwa kiwandani vibaya, ukimwaga oili yote ndo ugundue huwezi kufungua pa kuwekea, utaisukuma pikipiki hadi kwa fundi.

Sasa lala chini utazame tumbo la injini. Utaona nati nyingi na moja ndo yenyewe, mara nyingi kubwa kuliko za jirani na imekaa sehemu ya chini kabisa. Kitabu kina picha, ilinganishe, usifungue kwa kubahatisha maana nati za jirani zinashika vitu vingine. Weka beseni, ingiza spana ya ringi na sio ya mdomo wazi, na kumbuka ukiwa umelala chini kushoto na kulia vinageuka kichwani, tulia ufikirie kabla hujavuta. Ikishalegea weka spana pembeni, malizia na vidole huku unaisukuma nati kuelekea juu kana kwamba unataka kuirudisha, ukihisi mzunguko wa mwisho umeisha vuta mkono pembeni haraka. Oili hairuki chini wima mwanzoni, inaruka mbele kwa nguvu, ndo maana beseni liwe pana na lisogezwe mbele kidogo.

Kwenye baadhi ya injini hiyo nati ni kubwa na nyuma yake kuna springi na chujio la waya. Vyote vinatoka kwa mpigo vinatumbukia kwenye beseni, na hapo ndo watu wanakaa robo saa wanabishana springi ilikaa mbele au nyuma. Vifungue taratibu kiganja kikiwa chini, piga picha na simu jinsi vilivyopangana. Chujio lioshe na mafuta ya taa na mswaki, liache likauke, likiwa limetoboka nunua jingine.

Iache idondoke mpaka iwe tone moja moja, dakika kumi hivi. Futa pale nati inapokaa. Utaona nati ina washa ya shaba au aluminiamu, hiyo inabonyea kidogo ukikaza na ndo inayoziba, ikiwa imechakaa weka mpya, haina bei. Usipake silikoni, ile inayominyikia ndani inakatika inakwenda kuziba chujio.

Kurudisha nati ndo sehemu ninayowaomba watu wawe waoga. Ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne bila spana, ikigoma irudishe nyuma uanze upya, imeingia upande. Ikishakaa chukua spana fupi, kaza mpaka ikatae, ongeza kidogo tu kwa nguvu ya kiwiko, basi. Injini ni aluminiamu, nati ni chuma, ukiweka bomba kwenye spana ukasema "ya kwangu haitavuja milele" unakula thredi, na hiyo ni kugonga tapu mpya, yaani kuchongesha thredi upya, au kununua kava zima. Nati iliyokazwa kiasi haifunguki yenyewe.

Jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa nyingi ni lita moja hivi, nyingine pungufu kidogo nyingine zaidi kidogo, usimimine kopo zima kwa sababu tu limenunuliwa zima. Funga, washa dakika mbili, zima, subiri tena dakika mbili tatu, pima pikipiki ikiwa wima kwa stendi kubwa, stendi ya pembeni inadanganya. Kuna pikipiki unapima kwa kukiegesha kijiti bila kukizungusha na kuna za kukifunga kabisa, kitabu kitakwambia. Iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu punguza, oili ya ziada inatafuta pa kutokea, itarukia kwenye eakilina (chujio la hewa) au itavuja kwenye sili, afu utaambiwa injini imekufa kumbe umeishindilia.

Nimeona vitu vinang'aa kwenye oili niliyomwaga, imekufa?

Kama ni vumbi la kumeremeta ambalo ukilisugua kati ya vidole hulisikii, ndo hilohilo tulilokuwa tunalitoa, furahi limetoka. Kama ni kipande unachoweza kukichukua kwa kucha, kina kona, kinaonekana ni jino la gia au ni kipande cha ringi, hapo simama. Kifunge kwenye karatasi, piga picha pamoja na mita ya kilometa, usiiwashe tena, irudishe ulikonunua. Na kama oili imekuwa nyeupe nyeupe na nzito, maji yameingia, hiyo inawakuta sana waliokatisha Jangwani mafuriko yakiwa juu.

Fundi kijiweni kasema niisuuze na dizeli kwanza kabla ya kuweka oili mpya.

Wanapenda sana hiyo. Shida ni kwamba haitoki yote, inabaki kwenye vijia na kwenye sahani za klachi, ukiweka oili mpya inachanganyika nayo inakuwa nyepesi, na injini mbichi ndo inahitaji oili yenye uzito wake kamili. Injini yenye kilometa 500 haina uchafu mgumu wa kusuuza. Mwache atoe dizeli yake.

Oili chafu nitupe wapi?

Isiende mtaroni, mitaro mingi ya mjini inaishia Msimbazi na Msimbazi unaishia baharini, samaki wa Feri tunawala wenyewe. Irudishe kwenye kopo ulilotoa mpya, mpelekee fundi mwenye pipa la kukusanyia, wanakuja watu kuinunua. Mafundi seremala nao wanaitaka, wanapaka nguzo na mbao mchwa wasile. Nawa mikono na sabuni, oili iliyotumika sio nzuri kwa ngozi, na usitembee na tambara lake mfukoni.

Cheni je? Dukani walisema imeshapangwa.

Ilipangwa ikiwa mpya, na cheni mpya ndo inalegea haraka kuliko zote kwa sababu pini zake zinajitafutia nafasi. Weka gia huru, stendi kubwa, shika upande wa chini wa cheni katikati ya spoketi mbili, isukume juu na chini, mchezo wote uwe kama milimita 25 mpaka 30, au kitabu kilivyosema. Zungusha tairi kwa mkono upime sehemu tatu nne, cheni haikazi sawa pote, pima pale ilipokaza zaidi ndo uitumie hiyo.

Ikiwa imelegea, legeza nati ya ekseli na ya rodi ya breki kidogo, kisha kaza vile virekebishio vya kushoto na kulia kwa idadi ileile ya mizunguko. Kwenye mkono wa nyuma kuna vialama vya mistari, hakikisha pande zote vimelingana, tairi likikaa upande pikipiki itakuwa inavuta kando na spoketi italiwa meno upande mmoja. Kaza ekseli, pima tena, maana ukikaza ekseli cheni nayo inakaza kidogo. Rudisha pini yake. Halafu, na hii wanaisahau, rekebisha breki ya nyuma upya kwa sababu tairi limerudi nyuma na pedali imebadilika.

Msikazie cheni jamani. Kuna imani kwamba cheni iliyokaza inavuta vizuri. Abiria akipanda na shokapu zikibonyea cheni inazidi kukaza, ikikosa mchezo inavuta beringi ya tairi na ile shafti inayotokea injini, na hiyo ya injini ikifa ni kufungua injini.

Angalia pia loki ya cheni, ile klipu ndogo, upande wake uliofungwa uelekee mbele kwa mwendo wa cheni, ukiwekwa kinyume inaweza kuchomoka ikakuacha katikati ya Daraja la Kigamboni. Kuilainisha tumia oili ya gia namba 90 baada ya kuisugua na mafuta ya taa, paka kwa upande wa ndani, futa inayozidi. Sio oili chafu uliyomwaga sasa hivi, ile ina chuma ndani, ukichanganya na mchanga wa Chanika umejitengenezea msasa. Na usisafishe cheni wakati injini inaunguruma kwenye gia, vidole vinakatika kweli, sio hadithi.

Breki na klachi vinaguswa kwenye sevisi hii?

Vinaguswa ila ni dakika chache. Breki shuu mpya zinajikalisha, kwa hiyo pedali ya nyuma inashuka, rekebisha kwa nati iliyo mwisho wa rodi mpaka mchezo uwe kama milimita 20 mpaka 30, tairi lizunguke huru bila kusugua na taa ya nyuma iwake kabla breki haijashika. Waya wa klachi unalegea pia, kwenye ncha ya hendeli acha mchezo wa milimita 10 mpaka 20. Ukikosa mchezo kabisa klachi haifungi vizuri, inateleza na kuungua hata kama oili yako ni ile sahihi. Ukimaliza geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kupigwa resi, resi ikipanda yenyewe ujue waya wa mafuta umebanwa mahali.

Plagi na eakilina?

Plagi ifungue injini ikiwa baridi, angalia tu. Rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri, nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeusi ya majimaji ni oili. Nafasi ya plagi kwa nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kuirudisha ni kwa vidole kwanza, sheria ileile ya nati ya oili, kichwa cha injini nacho ni aluminiamu.

Eakilina kitabu kinaweza kukwambia usubiri, lakini kama njia yako ya nyumbani ni vumbi fungua uangalie. Ya karatasi unaipiga piga na kuipuliza kutoka ndani kwenda nje, usiioshe. Ya sponji unaiosha na mafuta ya taa, unaikamua bila kuinyonga, unaipaka oili kidogo unaikamua tena.

Valvu nizipange mwenyewe?

Sevisi ya kwanza kwenye pikipiki nyingi inataka zipimwe, na ni kazi ya injini iliyopoa kabisa, yaani imelala usiku. Nafasi zenyewe ni ndogo mno, kwa injini nyingi za namna hii ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, hupimi kwa macho wala kwa wembe. Kama huna fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na hujui kuitafuta alama ya pistoni kuwa juu, hii mpe fundi mwenye fila geji, mwambie aitoe uione. Fundi anayekwambia "mi nasikia kwa sikio" mshukuru uondoke. Valvu zinazopiga kelele kidogo hazina haraka, hatari ni zilizokazwa hazina nafasi, zinaungua kimya kimya.

Nati zipi nikaze?

Injini mpya inatetema na kila kitu kinajikalisha. Pita na spana kwenye nati zinazoshika injini kwenye fremu, eksozi, usukani, vikanyagio, keria, na hasa ile bampa na siti ya ziada uliyofungiwa mtaani siku ya kwanza, hizo ndo za kwanza kulegea. Kaza zilizolegea tu, usiongeze nguvu kwenye ambayo haijalalamika. Spoku zigonge moja moja na spana ndogo, zinazotoa mlio mzito wa kufa zimelegea, zikiwa nyingi peleka kwa mtu wa kunyoosha rimu. Nati za kichwa cha injini usiguse, hizo zina mpangilio wake na kipimo chake.

Upepo kiasi gani?

Tairi likiwa la baridi, nyingi ni psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, ukibeba abiria nyuma 32. Soma stika ya pikipiki yako. Mtu wa pampu barabarani anajaza kwa kubonyeza na kidole gumba, ndo maana nimekwambia nunua geji.

Kabla na baada ya hiyo sevisi naendeshaje?

Kilometa 500 za mwanzo vitabu vingi vinataka usizidi 45 hivi kwa saa, afu unapandisha taratibu mpaka kama 1,000 au 2,000. Lakini kitu kikubwa sio spidi peke yake, ni kutoisulubu, usikae kwenye gia kubwa injini ikiwa inalia kwa uzito, usikae resi moja kwa muda mrefu. Foleni ya mjini ya kupanda na kushuka gia inaisaidia kuliko safari ya Morogoro ya kilometa mia na tisini kwa mwendo mmoja. Na mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, kwenye pikipiki ya wiki ya kwanza ni kuionea, ukiacha kwamba ni kosa hata kwenye ya zamani.

Nikimaliza najuaje nimefanya sawa?

Iwashe ikae silensa dakika tano, tandika karatasi nyeupe chini, tone lolote utaliona. Piga raundi ya mtaa bila abiria, jaribu breki zote mbili ukiwa taratibu, pandisha gia zote. Ukirudi iache ipoe, pima oili tena na pitisha mkono kwenye nati ya chini. Kesho yake asubuhi kabla hujatoka angalia karatasi tena.

Sevisi inayofuata lini?

Kitabu kinaweza kukupa maelfu ya kilometa kabla ya oili nyingine, na kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi kifuate tu. Kwa bodaboda anayekaa juani kwenye foleni ya Buguruni injini inaunguruma saa nzima bila kutembea, mita haihesabu hayo, kwa hiyo mi nasema isizidi 2,000 hivi, na kijiti kitazamwe kila wiki. Valvu zipimwe tena kitabu kinavyosema. Cheni yenyewe haisubiri sevisi, masika ikianza ipake kila ikinyeshewa.